Wakata Karatasi Wanapokutana

Ziko kazi za mikono ambazo kila mama anazijua: kufuma vitambaa, kushona, kusuka ukili, kutarizi mashuka. Lakini iko kazi moja ambayo wengi wetu tumeifanya bila kuipa jina. Ni kukata karatasi. Nani kati yetu hajawahi kukunja karatasi mara nne, akaikata pembe kwa mkasi, kisha akaikunjua na kukuta ua? Tumepamba hivyo kumbi za harusi, madarasa ya shule ya Jumapili na madirisha wakati wa Krismasi. Sherehe ikiisha karatasi hufagiliwa na kutupwa, na hakuna anayesema kwamba pale palikuwa na fundi.

Katika nchi nyingine kazi hii ina mafundi wake, historia yake na mikutano yake. Sisi tulipata nafasi ya kuhudhuria mkutano mmoja wa namna hiyo, na tumeona vema kuwashirikisha akina mama wenzetu. Hatuandiki kwa ajili ya karatasi tu. Tunaandika kwa sababu tuliona kinachompata mwanamke aliyefanya kazi ya mikono peke yake kwa miaka mingi, siku anapoketi kwa mara ya kwanza pamoja na wenzake.

KAZI YA ZAMANI

Karatasi ilianzia China, na huko ndiko ukataji wake ulikoanzia. Vipande vya zamani zaidi vinavyojulikana vilifukuliwa makaburini karibu na Turpan, kaskazini magharibi mwa nchi hiyo, na ni vya karne ya 6. Kwa karne nyingi wanawake wa vijijini wamekuwa wakikata maua, ndege na samaki katika karatasi nyekundu na kubandika madirishani wakati wa mwaka mpya. Mwaka 2009 shirika la UNESCO liliingiza ukataji karatasi wa China katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Huko Poland, wanawake wakulima wa sehemu za Łowicz na Kurpie walikata jogoo, miti na maua kwa kutumia makasi makubwa ya kunyolea kondoo. Walibandika mapambo hayo kwenye kuta zilizopakwa chokaa, sikukuu zinapokaribia. Ukiyatazama huwezi kuamini kwamba chombo kizito hivyo kimetoa kazi nyembamba hivyo.

Huko Uswisi alikuwako kibarua mmoja maskini, Johann Jakob Hauswirth, aliyezaliwa mwaka 1809 na kufariki mwaka 1871. Vidole vyake vilikuwa vinene, havikuweza kuingia katika matundu ya mkasi mdogo, basi akaufungia vitanzi vya waya. Alizunguka milimani akitafuta kazi za mashambani, na mara nyingi alilipia chakula na mahali pa kulala kwa karatasi alizokata: ng'ombe wakipandishwa malishoni, nyumba, miti na mioyo. Leo kazi zake zimo katika makumbusho.

Wajerumani waliohamia Pennsylvania huko Marekani katika karne ya 18 walikwenda na ufundi huo. Wanauita Scherenschnitte, maana yake ni makato ya mkasi. Walipamba kwa njia hiyo vyeti vya kuzaliwa na vya ubatizo, na hata barua za uchumba. Mwaka 1988 wakata karatasi wa Marekani waliunda chama chao, Guild of American Papercutters, kikaanza kuwaunganisha watu waliokuwa wametawanyika, kila mmoja mezani kwake.

TULIYOYAONA PENNSYLVANIA

Tulikuwa Pennsylvania, akina mama watatu wa usharika wetu, kwa mwaliko wa usharika rafiki. Mwenyeji wetu alijua kwamba huku nyumbani tunatengeneza kadi na mapambo ya karatasi kwa ajili ya mfuko wa wanawake. Yeye mwenyewe ni mkata karatasi. Basi Jumamosi moja akatuchukua hadi kwenye ukumbi ambako wenzake wa eneo lile walikuwa wanakutana kwa siku nzima.

Watu walikuwa kama thelathini, wengi wao wanawake, wengi wao wenye mvi. Kila mmoja aliingia na bahasha au sanduku. Hakukuwa na mgeni rasmi wala hotuba. Meza zilipangwa dirishani ili mwanga utoshe, kahawa ikawekwa kando mbali na karatasi, kisha kila mtu akasimama na kusema jina lake na miaka aliyokata karatasi kabla ya kukutana na mkata karatasi mwingine. Mmoja alisema miaka minne. Mwingine tisa. Mama mmoja alisema miaka thelathini na moja, kisha akanyamaza kidogo na kufuta macho. Alieleza kwamba miaka yote hiyo alifanya kazi yake jikoni usiku watoto wakiisha kulala, na kwamba watu wa nyumbani mwake walikuwa wema sana kwake, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza, "Hapa ulipinda vipi?"

Tulimwelewa mama yule. Sifa tunazopewa na watu wasiojua kazi ni njema, tena tunazihitaji. Lakini anayeijua kazi hatazami uzuri tu. Anaona pale ulipopata shida, na anaona jinsi ulivyotoka. Kuonekana hivyo ni haki ambayo akina mama wengi huishi miaka bila kuipata.

Mafunzo yalianza baada ya utambulisho. Tulijifunza kwamba mkono ulioshika mkasi haupaswi kuhangaika. Mkono wa pili ndio unaoigeuza karatasi, mkasi ukikaa karibu mahali pale pale. Tulijifunza kuanza na matundu ya ndani, yaliyo madogo kabisa, na kumalizia na ukingo wa nje, kwa sababu ukingo ukishaachiwa karatasi hulegea na haishikiki tena. Tulionyeshwa kupaka gundi kidogo sana kwa ncha ya njiti, na kutokuitundika kazi mahali pa jua, maana jua hufifiza rangi na kuifanya karatasi iwe ya manjano na kukatika. Haya yote mtu anaweza kuyagundua peke yake, lakini humchukua miaka. Pale yalichukua asubuhi moja.

Nasi hatukukaa kama wageni wa kutazama tu. Tulikata kinu na mchi, mgomba wenye mkungu, na kuku na vifaranga vyake. Tulipanga kazi yetu kama kanga ilivyopangwa, yaani pindo kuzunguka pande zote na mji katikati. Wenzetu hawakuwa wamefikiria mpangilio huo. Walikuja wakasimama nyuma yetu, wakauliza jinsi pindo linavyokunjwa ili pembe nne zilingane, nasi tukawaonyesha. Mchana ule tulikuwa wanafunzi na walimu kwa pamoja.

SANDUKU LA BIBI

Alikuwako bibi mmoja wa miaka zaidi ya themanini. Sisi kwa kazi yetu ya uuguzi tulimtambua kabla hajasema neno: viungo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba na kupinda kwa baridi yabisi. Hakuweza tena kushika mkasi. Alikuwa amekuja na sanduku la bahasha, na katika kila bahasha mlikuwa na mchoro wake mmoja na mwaka aliouchora.

Aliliweka sanduku mezani na kusema kwamba atakayependa mchoro wowote aunakili. Kisha akaketi karibu na binti wa miaka kama kumi na miwili aliyekuja na mama yake, akaanza kumwelekeza kwa maneno: hapa geuza, hapo usikaze, sasa pumua. Binti alikata jogoo. Mkia ulikatika mara moja, bibi akamwambia achukue karatasi nyingine. Saa moja baadaye jogoo alikuwa amekamilika, na bibi akamshika binti yule kiganja kwa mikono yake iliyopinda.

Mwenyeji wetu alitueleza kwamba watoto wa bibi hawakuipenda kazi ile, na hilo si kosa lao, kila mtu ana kipaji chake. Lakini bibi alikuwa na hofu kwamba sanduku litatupwa siku atakapokufa. Alikuwa anatafuta mrithi nje ya nyumba yake.

Tulifikiri juu ya mabibi zetu. Ni wangapi wamezikwa na ususi wao, na namna zao za kufinyanga chungu, na dawa za watoto walizozijua, kwa sababu hapakuwa na mahali ambapo mtu aliketi karibu nao akawauliza? Fundi akifa peke yake, kazi yake hufa naye.

MCHORO NI WA NANI?

Tusidhani kwamba kila kitu kilikuwa kitamu. Mchana palitokea neno. Mama mmoja alisema, kwa upole lakini waziwazi, kwamba mwenzake aliyekuwamo ukumbini aliunakili mchoro alioubuni yeye na kuuza kadi zake sokoni bila hata kumwambia. Ukumbi ulinyamaza. Aliyetajwa alijibu kwamba alidhani mchoro ule ni wa zamani, ni mali ya wote.

Hawakuliacha jambo lile liende nyumbani na watu. Walilizungumza pale pale. Mwishowe walikubaliana hivi: michoro ya zamani, isiyojulikana mwenyewe, ni ya kila mtu. Mchoro ambao mtu ameubuni waweza kuutumia kwa kujifunza, lakini ukitaka kuuza umwombe ruhusa, na jina lake liandikwe nyuma ya kazi. Aliyeuza aliahidi kumwandika mwenzake jina tangu siku ile. Hawakukumbatiana, lakini jioni tuliwaona wakipeana mikono mlangoni.

Jambo hili halikuwa geni kwetu. Katika kikundi chetu nyumbani iko mivutano hiyo hiyo. Mama akibuni pambo jipya hulificha mkobani mpaka siku ya mnada, ili mwingine asimtangulie. Watoto wanasubiri ada, na kadi kumi zilizouzwa si mchezo. Hatuwezi kumlaumu anayeficha. Lakini tumeona pia matokeo yake: kila mmoja anajua mapambo yake matatu au manne tu, na mwaka hadi mwaka wanunuzi wanaona kadi zile zile.

Wanawake wa vijijini huko China walikuwa na njia yao ya kushirikiana. Mama akipenda pambo la jirani, aliliazima na kulilaza juu ya karatasi nyeupe, akalilowanisha maji ili lishike, kisha akaishikilia karatasi juu ya moshi wa taa. Moshi uliweka weusi kila mahali isipokuwa palipofunikwa. Pambo lilipobanduliwa, umbo lake lilibaki jeupe katikati ya weusi, na mwenyewe akarudishiwa lake likiwa zima. Kwa namna hiyo michoro ilisafiri kutoka nyumba hadi nyumba, na kutoka kwa mama hadi kwa binti aliyeolewa mbali. Aliyeazimisha hakupungukiwa.

Tuliporudi tulilileta neno hili mbele ya kikundi. Halikupokelewa na wote. Lakini tumeanza daftari moja: anayetoa mchoro huandikwa jina na tarehe, na anayeuza kazi iliyotokana na mchoro ule hutoa sehemu ndogo kwa aliyeubuni. Mama wawili bado wanaficha. Tumewaacha, hatuwasemi. Waliotoa ni wanane, na sasa kikundi kina michoro ambayo hakuna hata mmoja wetu angeifikia peke yake.

HAKUNA ALIYECHELEWA

Huenda msomaji anasema, "Mimi umri umekwenda, mikono imezoea jembe na sufuria." Tumsimulie juu ya mama mmoja wa Uingereza, Mary Delany. Alizaliwa mwaka 1700. Akiwa na miaka 17 aliozwa kwa mzee wa karibu miaka 60, ndoa ambayo haikumpa furaha, akawa mjane angali kijana. Baadaye aliolewa na mume aliyempenda, naye akafariki mwaka 1768. Katika majonzi ya ujane huo wa pili, akiwa na miaka 72, alianza kukata maua ya karatasi za rangi, kila petali na kila uzi wa ua kwa kipande chake, na kuyabandika juu ya karatasi nyeusi. Aliendelea kwa miaka kumi hivi mpaka macho yalipokataa, na alikuwa ametengeneza maua karibu 1,000. Yamehifadhiwa katika makumbusho ya British Museum huko London.

Au Martha Ann Honeywell wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1786 bila viganja, na mguu mmoja ukiwa na vidole vitatu tu. Alikata karatasi akishika mkasi kwa kinywa na vidole vya mguu. Alijipatia riziki kwa kazi hiyo miaka mingi, akisafiri mji hadi mji. Katikati ya baadhi ya kazi zake aliandika Sala ya Bwana kwa herufi ndogo mno.

Wauguzi wenzetu watapenda pia habari ya mchoraji wa Ufaransa, Henri Matisse. Mwaka 1941 alifanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo, akadhoofika, na kusimama mbele ya turubai kukawa kugumu. Akageukia mkasi na karatasi zilizopakwa rangi, akikata akiwa kitini au kitandani. Mwaka 1942 alihudumiwa na mwanafunzi wa uuguzi, Monique Bourgeois, ambaye baadaye aliingia utawa na kuitwa Sista Jacques-Marie. Urafiki wao ulizaa kanisa dogo la watawa katika mji wa Vence, lililowekwa wakfu mwaka 1951. Michoro ya madirisha yake ya vioo vya rangi Matisse aliipanga kwa karatasi za kukatwa.

USHAURI WA MUUGUZI

Kazi hii ni ndogo kwa macho lakini inachosha mwili. Tunawashauri mambo haya:

Macho. Kaa penye mwanga wa kutosha. Kila baada ya dakika 20 inua kichwa utazame kitu cha mbali. Mtu akifikisha miaka 40 hivi, macho huanza kushindwa vitu vya karibu. Hilo si ugonjwa wa aibu. Nenda ukapimwe, uvae miwani.

Mikono. Simama kila nusu saa, nyoosha vidole, zungusha mabega. Ukipata ganzi ya vidole inayokuamsha usiku, usiivumilie miezi na miezi. Huenda mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kiungo cha kiganja. Pumzika, na umwone mganga hospitalini.

Vyombo vikali. Wembe uliotumika usiuache mezani wala kuutupa ovyo jalalani. Uweke katika kopo lenye kifuniko, juu ambako mtoto hafiki. Ukijikata, osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, bana kwa kitambaa safi. Kama jeraha ni refu au chombo kilikuwa kichafu, nenda kituo cha afya ukaulizie chanjo ya pepopunda.

KAMA MNATAKA KUKUTANA

Si lazima kusafiri ng'ambo. Wala si lazima iwe karatasi. Wafumaji, wasusi, wafinyanzi na washonaji nao wanahitaji siku yao. Haya ndiyo tuliyoona yanafaa:

1. Anzeni wachache, watano au sita, mezani kwa mmoja wenu. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole mia navyo hugongana.

2. Kila mmoja alete kazi mbili: moja anayojivunia na moja iliyomshinda. Ile iliyomshinda ndiyo itakayofundisha watu.

3. Wekeni saa ya kuanza na saa ya kumaliza, mzifuate. Baba wa nyumba aelezwe mapema, si asubuhi ile ile, na chakula cha watoto kipangwe. Mama akirudi saa aliyosema, mara ya pili hataulizwa sana.

4. Alikeni angalau mzee mmoja na binti mmoja. Mzee apewe kiti kizuri, binti apewe mkasi.

5. Kama mnauza, kubalianeni tangu mwanzo juu ya michoro na juu ya fedha, na muandike. Neno lililoandikwa huokoa urafiki.

6. Siku hiyo iwe ya kazi. Harusi, michango na habari za watu zina siku zake.

Akina mama, tumezoea kukutana kwa ajili ya wengine: kwa ajili ya msiba, mgonjwa, mtoto aliyezaliwa. Tuendelee hivyo, ni wajibu mwema. Lakini kipaji ulichopewa nacho ni amana, na amana haitunzwi kwa kufichwa uvunguni. Mtafute mwenzako mmoja anayeifanya kazi uifanyayo. Huenda anakaa mtaa wa pili, naye kila usiku anakata peke yake akidhani yuko peke yake. Mpelekee kazi yako. Umwulize, "Hapa ulipinda vipi?"